Robert Koch: Aliyemwona Adui Asiuone Mkono Wake

Utangulizi

Wasifu ni utanzu wenye mizizi katika fasihi andishi ya Kiswahili. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, alimtukuza msanii aliyemstahi, na wengi waliomfuata wamechukulia kwamba kazi ya wasifu ni kusifu. Hata neno lenyewe linawaelekeza huko, kwa kuwa wasifu na sifa ni watoto wa mzizi mmoja. Makala haya yanasimulia maisha ya mtu ambaye hawezi kuelezwa kwa sifa tupu. Robert Koch, tabibu Mjerumani aliyefariki mwaka wa 1910, ndiye aliyewaonyesha binadamu kiini cha kifua kikuu. Ndiye pia aliyeongoza, katika visiwa vya ziwa letu, matibabu yaliyowapofusha baadhi ya wagonjwa.

Sisi tuliolelewa Rangwe, katika Kaunti ya Homa Bay, tumeirithi kazi yake kwa pande zote mbili. Mgonjwa anayetoa makohozi yake ili yapimwe katika zahanati ya huku anafuata njia iliyofunguliwa na Koch. Wakati huohuo, wakazi wa mwambao wa Nam Lolwe, ziwa linaloitwa Viktoria kwenye ramani, ni majirani wa wale waliochomwa sindano zake mwaka wa 1906 na 1907. Hoja ya makala haya ni kwamba Koch alijaliwa kipawa adimu cha kuona, lakini kukiona kiini na kujua jinsi kinavyoushika mwili ni mambo mawili tofauti. Baina ya mambo hayo kuna bonde. Mara mbili Koch alijaribu kulivuka kwa kuruka, na mara zote mbili walioanguka ni wagonjwa.

Utoto na masomo

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa wachimba madini katika milima ya Harz nchini Ujerumani. Alikuwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto kumi na watatu. Baba yake alifanya kazi katika migodi. Inasimuliwa kwamba alijifunza kusoma mwenyewe kwa kutumia magazeti, akiwa bado na umri wa miaka mitano. Mwaka wa 1862 alijiunga na Chuo Kikuu cha Göttingen, na mwaka wa 1866 akahitimu utabibu.

Mmoja wa walimu wake alikuwa Jacob Henle, ambaye tangu mwaka wa 1840 alikuwa ametetea wazo kwamba magonjwa ya kuambukiza husababishwa na viumbe hai vidogo mno. Wakati huo wazo hilo lilikosa ushahidi. Wasomi wengi waliamini kwamba maradhi hutokana na hewa chafu au udhaifu wa kurithi. Kifua kikuu hasa kilihesabiwa kuwa mkosi wa ukoo: baba akikohoa na mwana akakohoa, ilisemwa kwamba damu yao ndiyo mbovu.

Msomaji wa Rangwe hatalicheka wazo hilo. Kwetu pia, mtu anapokonda na kukohoa mwezi baada ya mwezi, minong'ono ya chira haichelewi, yaani kwamba yeye au watu wake wamevunja mwiko na sasa wanalipa. Ulaya ya karne ya 19 na vijiji vyetu vilikutana katika jambo moja. Kote mgonjwa alibebeshwa lawama juu ya ugonjwa.

Tabibu wa wilaya

Mwaka wa 1867 Koch alimwoa Emmy Fraatz, na mwaka uliofuata wakajaliwa binti, Gertrud. Baada ya kuhudumu katika vita vya Ujerumani na Ufaransa, aliteuliwa mwaka wa 1872 kuwa tabibu wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo umo nchini Poland na huitwa Wolsztyn. Hakuwa na maabara wala maktaba, na hakuwa na mwenzake wa kushauriana naye. Alikuwa na hadubini, ambayo masimulizi ya maisha yake huitaja kuwa zawadi ya mkewe, na alikuwa na subira. Alitenga sehemu ya chumba alimowapokea wagonjwa, akaanza kuchunguza kimeta, ugonjwa uliokuwa ukiua mifugo ya wakulima.

Wengine walikuwa wameviona vijiti vya kimeta katika damu ya wanyama waliokufa. Koch alionyesha maisha yao yote: jinsi vinavyorefuka, vinavyojigeuza kuwa mbegu ngumu zinazostahimili ukame, na jinsi mbegu hizo zinavyozinduka tena zinapoingia katika mnyama. Mwaka wa 1876 alisafiri hadi Breslau akamwonyesha majaribio yake Ferdinand Cohn, mtaalamu mashuhuri wa bakteria, naye akaridhika. Tabibu asiyejulikana akawa jina la kutajwa. Mwaka wa 1880 aliitwa Berlin kufanya kazi katika Ofisi ya Afya ya Dola.

Usiku wa Machi 1882

Berlin ilimpa Koch wasaidizi na vyombo. Alitumia lenzi za Carl Zeiss na kimulikaji kilichobuniwa na Ernst Abbe, akaboresha mbinu za kutia bakteria rangi na kuwaotesha juu ya chakula kigumu ili kila aina ikue peke yake. Kifua kikuu kilikuwa kigumu kuliko kimeta. Kiini chake kina ganda la mafuta linaloikataa rangi, na hukua polepole kiasi kwamba mtafiti mwenye haraka angekitupa kabla hakijachipua. Koch alisubiri kwa majuma. Alikiotesha katika majimaji ya damu yaliyogandishwa kwa joto, akakitia katika wanyama wa maabara, wakaugua, kisha akakipata tena ndani yao.

Jioni ya tarehe 24 Machi 1882 alisimama mbele ya Chama cha Fiziolojia cha Berlin akaeleza aliyoyapata. Alikadiria kwamba katika kila vifo saba vya binadamu kimoja kilitokana na ugonjwa huo. Hakuwa msemaji hodari, lakini inasimuliwa kwamba alipomaliza ukumbi ulikaa kimya na hakuna aliyempinga. Leo tarehe hiyo huadhimishwa kote duniani kuwa Siku ya Kifua Kikuu. Kwa familia zilizonyanyapaliwa maana yake ilikuwa kubwa. Adui alikuwa ametajwa, naye hakuwa damu ya ukoo wala adhabu ya mizimu.

Swali lililobaki

Miongoni mwa waliokaa ukumbini jioni hiyo alikuwa kijana Paul Ehrlich, ambaye muda mfupi baadaye aliboresha njia ya kukitia rangi kiini hicho. Ni Ehrlich ambaye, mwaka wa 1897, alipendekeza kwamba seli za mwili zina mikono midogo kwenye ngozi yake inayoshikana na sumu za viini. Kwake, kitu hakiwezi kutenda mwilini pasipo kushikana na sehemu fulani ya mwili. Wazo hilo lilitangulia wakati wake, na ndilo linalotuonyesha pengo katika kazi ya Koch.

Koch alijua kwamba kiini kimo mapafuni. Alichokosa ni kujua namna kinavyobaki humo. Swali hilo si dogo, kwa sababu njia ya hewa ina ulinzi wake. Kuta zake zimefunikwa na ute, na chini ya ute huo mna vinyweleo visivyohesabika ambavyo hupiga mfano wa makasia kuelekea juu, vikiusukuma ute pamoja na vumbi na viini hadi kooni. Kiini kisichoshika huchukuliwa na mkondo huo kikamezwa au kutemwa. Kwa hiyo bakteria wa njia ya hewa wana protini kwenye uso wao ambazo hulenga molekuli mahususi za seli za binadamu, kama ufunguo unavyoilenga kufuli yake.

Mifano iko mingi. Bakteria wa kifaduro wana protini ndefu mfano wa uzi inayowawezesha kung'ang'ania vile vinyweleo vyenyewe, kana kwamba abiria ameishika kasia ya mtumbwi. Bakteria mkuu wa nimonia, yaani pneumokoka, ana protini inayoshikana na kipokezi ambacho kazi yake ya kawaida ni kusafirisha kingamwili kupitia seli. Mlango uliojengwa kwa ajili ya walinzi hugeuka kuwa njia ya mwizi.

Kiini cha kifua kikuu kina mbinu yake. Huvutwa ndani ya matone madogo sana na kufika kwenye vifuko vya mwisho vya pafu, mahali pasipo na vinyweleo. Huko hukutana na makrofaji, askari wa mwili ambao kazi yao ni kuwameza wageni. Sukari na mafuta ya uso wake hushikana na vipokezi vya askari hao. Humezwa, lakini mara nyingi hakifi, bali huishi ndani ya tumbo la askari. Aidha, mwaka wa 1996 watafiti wa Taasisi ya Pasteur ya Lille, Ufaransa, walieleza protini ya uso wa kiini hicho inayoshikana na molekuli za aina ya heparini zilizoko juu ya seli nyingine za pafu. Mwaka wa 2001 ilionyeshwa katika panya kwamba viini vilivyonyimwa protini hiyo viliweza kukaa mapafuni, ila uwezo wao wa kusambaa hadi viungo vingine ulipungua sana. Kushika mahali fulani, kumbe, ndiko kunakofungua njia ya kusafiri.

Koch asingeweza kuyaona hayo. Abbe, ambaye vyombo vyake vilimsaidia sana, ndiye aliyekuwa ameeleza mwaka wa 1873 kwamba mwanga una mpaka: kitu kidogo mno kuliko mawimbi yake hakiwezi kubainishwa kwa lenzi, hata iwe bora namna gani. Kiini cha kifua kikuu kiko upande wa huku wa mpaka huo. Protini za uso wake ziko upande wa pili. Hatumlaumu Koch kwa kutouona mkono wa adui. Lawama, kama ipo, inahusu aliyoyafanya bila kuuona.

Tuberkulini

Mnamo Agosti 1890, katika Mkutano wa Kumi wa Kimataifa wa Utabibu mjini Berlin, Koch alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia ukuaji wa kiini cha kifua kikuu. Hakusema ni nini. Ilipofika Novemba wagonjwa kutoka nchi nyingi walikuwa wakimiminika Berlin, na matabibu nao walikuja kujionea, akiwemo Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes, ambaye alirudi Uingereza akiwa na mashaka.

Dawa hiyo, iliyokuja kuitwa tuberkulini, ilikuwa dondoo ya viini vya kifua kikuu katika gliserini. Mgonjwa aliyedungwa alipatwa na homa kali, na Koch aliichukulia homa hiyo kuwa dalili ya vita vya uponyaji. Mapema mwaka wa 1891 Rudolf Virchow alionyesha, kwa kuchunguza maiti za waliotibiwa, kwamba ugonjwa haukukomeshwa, na kwamba katika baadhi yao ulikuwa umeenea. Matumaini ya maelfu yalizimika. Ndoa ya Koch na Emmy ilivunjika, na mwaka wa 1893 akamwoa Hedwig Freiberg.

Hata hivyo, tuberkulini haikupotea. Clemens von Pirquet mwaka wa 1907 na Charles Mantoux mwaka wa 1908 waliigeuza kuwa kipimo cha ngozi kinachoonyesha kama mtu ameambukizwa. Kilichoshindwa kuwa dawa kikawa shahidi. Kosa la mwanzo lilitokana na kuruka hatua: Koch alikuwa na kiini mkononi, akadhani kwamba aliye na kiini ana tiba.

Ziwani

Koch aliijua Afrika kabla ya kufika ziwani. Mwaka wa 1896 alikuwa Afrika Kusini akichunguza sotoka ya ng'ombe, na mwaka wa 1897 na 1898 alifanya kazi Dar es Salaam akishughulikia malaria. Mwaka wa 1905 alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 62, aliongoza msafara wa Kijerumani kuchunguza malale, ugonjwa ambao Waluo huuita tuo nindo, yaani ugonjwa wa usingizi.

Mlipuko wa malale ulikuwa umezikumba pwani za ziwa tangu mwanzoni mwa karne, na wakazi wengi mno wa Buganda, Busoga na visiwa walikufa. Mwambao wa Nyanza, ambao hadi mwaka wa 1902 ulihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, haukusalimika. Bonde la Lambwe, magharibi ya Rangwe, liliendelea kuogopwa kwa mbung'o na malale kwa sehemu kubwa ya karne ya 20.

Koch alipiga kambi katika visiwa vya Ssese, vilivyokuwa chini ya Waingereza, kuanzia Agosti 1906 hadi mwaka uliofuata. Wagonjwa walimjia kwa mitumbwi, wengine wakibebwa na ndugu zao. Aliwadunga Atoxyl, dawa iliyotengenezwa kwa arseniki. Mwanzoni matokeo yalitia moyo. Vijidudu vilitoweka katika damu, na waliokuwa hawawezi kusimama wakaanza kutembea. Muda si muda, vijidudu vilirudi. Miongo mingi baadaye sayansi ilibaini kwamba kijidudu cha malale hujifunika joho la protini, na kwamba kila mwili unapolitambua joho hilo hubadilisha lingine. Ilibainika pia kwamba kikishafika ubongoni, Atoxyl hushindwa kukifikia ipasavyo. Hapa tena fumbo lilikuwa kwenye uso wa kiumbe, na tena Koch hakuwa na macho ya kuuona.

Alichofanya ni kuongeza kipimo, hadi gramu moja kwa sindano. Wagonjwa walipata maumivu, kizunguzungu na kichefuchefu. Baadhi yao walitoroka kambi. Sumu ya arseniki huharibu mshipa wa fahamu unaohudumia macho, na wagonjwa 22 wanatajwa kupofuka kabisa. Koch alikiacha kipimo hicho kikubwa baada ya kuyaona hayo, lakini aliendelea kuitetea dawa yenyewe. Aidha, alipendekeza wagonjwa watengwe kambini, vichaka vya ufuoni vifyekwe, na mamba wauawe kwa vile mbung'o hunywa damu yao. Kambi za Wajerumani zilizofuata ni pamoja na ile ya Shirati, karibu na mpaka unaotenganisha Migori na Tanzania leo.

Ni haki kueleza kwamba bila dawa yoyote malale yalikuwa hukumu ya kifo, na kwamba Koch mwenyewe aliishi kwenye kambi ya ziwani kwa zaidi ya mwaka akiwa mzee. Ni haki vilevile kueleza kwamba watu wa Ssese walikuwa chini ya utawala wa kigeni, kwamba uwezo wao wa kukataa ulikuwa mdogo, na kwamba kipimo cha namna ile kilijaribiwa kwao. Tuberkulini ilipoanguka Berlin, magazeti yalipiga kelele na wabunge wakauliza maswali. Atoxyl ilipopofusha ziwani, Koch alirudi nyumbani akapokewa kwa heshima.

Mwisho wa safari

Robert Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yaliwekwa katika taasisi yake mjini Berlin, ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Wale 22 wa Ssese wamebaki tarakimu.

Mwaka huohuo wa 1910 Ehrlich, ambaye alikuwa ameichunguza Atoxyl na kuikarabati hatua kwa hatua akitafuta molekuli itakayomshika adui na kumwacha mgonjwa, alitoa Salvarsan, dawa ya kaswende. Salvarsan nayo ilikuwa na madhara yake. Lakini njia yake ilikuwa ile ambayo Koch hakuifuata: kuuliza kwanza kitu kinashika wapi, ndipo kuuliza kinatibu nini.

Hitimisho

Leo mtoto anayezaliwa katika hospitali ya Homa Bay huchanjwa BCG, chanjo iliyotokana na kazi ya Albert Calmette na Camille Guérin huko Lille na kutumiwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka wa 1921. Mtu mzima akigunduliwa kuwa na kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa dawa za miezi kadhaa, akapona. Hata hivyo, katika kaunti ambayo virusi vya UKIMWI vimepunguza kinga ya wengi, kifua kikuu hakijatuacha. Wala lugha ya lawama haijatuacha. Bado yuko mgonjwa anayekoholea nyuma ya nyumba ili majirani wasimhesabie chira.

Hapo ndipo wasifu huu unapowahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Koch alilitaja jina la adui, na jina hilo likaondoa aibu kwa kila aliyelielewa. Aliyelielewa ni yule aliyeambiwa kwa lugha yake. Tukiweza kueleza kwa Kiswahili chepesi kwamba kiini kina protini zinazoshika seli kama upupu unavyoshika ngozi, na kwamba hakiulizi nani kavunja mwiko, tutakuwa tumemaliza sehemu ya kazi aliyoianza mwaka wa 1882. Tukiweza pia kuwataja watu wa Ssese kila tunapomtaja Koch, tutakuwa tumeurudisha wasifu kwenye maana yake ya awali, ambayo ni kueleza mtu jinsi alivyokuwa.